Shajara ya mradi: muziki usiokatizwa, Busia

Januari, mwanzo wa mwezi

Lengo nimeliandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo: muziki na filamu za nyumba hii zicheze bila kuomba ruhusa ya yeyote. Si ya mtandao wa simu, si ya nguzo ya umeme, si ya programu inayodai nywila wakati Mzee ameshakaa kwenye kiti chake akisubiri rumba.

Tuko Busia upande wa Uganda, karibu na mpaka kiasi kwamba simu ikilala dirishani hurukia mtandao wa Kenya, na bando lililonunuliwa asubuhi linakuwa pambo mpaka simu irudi nyumbani. Ikirudi, linakuja tangazo. Tangazo likiisha, anapiga shemeji kuuliza kama mahindi yamefika, na wimbo unafia katikati ya gitaa. Nimekaa kwenye mabishano mengi ya ubora wa sauti, watu wakitajiana biti na kilohezi, lakini kwangu jambo ni moja. Sauti mbaya, sikio huizoea kabla wimbo haujaisha. Kukatizwa hakuzoeleki. Kila kifaa nitakachokishika katika mradi huu nitakipima kwa hilo kwanza, mengine baadaye.

Hesabu ya bando, kwa wale wanaoniuliza kwa nini nisilipie tu huduma ya kutiririsha: wimbo unaokuja kwa kilobiti 160 kwa sekunde hula megabaiti 72 kwa saa. Mzee husikiliza saa nne kwa siku, basi kwa mwezi tunakaribia gigabaiti 9, na nyimbo ni zilezile. Tangu Julai 2021 bando la intaneti hapa Uganda lina ushuru wa asilimia 12, ulioingia badala ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyowekwa kwa mitandao ya kijamii mwaka 2018. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Wenye nyimbo kwenye flashi waliendelea kucheza. Wenye akaunti walisikiliza redio.

Januari, vilivyopo mezani

Sanduku la kanda za Mzee, za tangu enzi za kambi: rumba ya Kongo, kadongo kamu (nyimbo za gitaa za Kiganda), taarabu kidogo, na nyingine zisizo na maandishi yoyote. Mzee alikuwa askari, ndiyo maana nyumba hii ni ya Kiswahili hata leo.

Deki moja ya kanda, mpira wake umelegea. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Diski ya nje ya terabaiti moja. TV ya kawaida yenye HDMI. Sabufa yenye tundu la USB, ya aina inayopatikana katika kila sebule ya mji huu. Na iPod, kifaa cha muziki cha Apple, ya mwaka 2006, ile ya gigabaiti 30 yenye skrini ya rangi, niliyoachiwa na binamu aliyedhani imekufa.

Hiyo iPod ndiyo iliyonifanya nianze. Watu humdhania Apple kuwa ndiye baba wa vifaa hivi, lakini Wakorea walishauza MPMan mwaka 1998, na mwaka huohuo Wamarekani wakapata Rio PMP300 yenye megabaiti 32, yaani kama nusu saa ya muziki. iPod ya kwanza ilitangazwa Oktoba 2001 ikiwa na gigabaiti 5 na bei ya dola 399. Kilichoishindisha, naona, si ukubwa wa diski. Ni lile gurudumu. Unalizungusha mkono ukiwa mfukoni, hukiangalii kifaa, na kifaa hakina jambo lingine la kukuambia. Hakipigiwi simu. Apple waliacha kuuza iPod ya mwisho Mei 2022, na tangu hapo kila anayetaka kifaa cha muziki pekee huambiwa atumie simu, yaani kilekile chombo kinachomkatiza.

Januari, deki

Mpira wa deki nimepata kwa fundi wa redio kule Sofia, mtaa wa hapa mjini, ambaye anaihifadhi kwenye kopo la maziwa na kuipima kwa macho tu. Ameukisia sawasawa. Kabla ya hapo mwimbaji alikuwa akiimba kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Kichwa cha deki nimekisafisha kwa spiriti na pamba. Uchafu wa rangi ya kahawia uliotoka ni unga wa utepe wenyewe, yaani muziki wa zamani kabisa, lakini huo haurudi.

Sasa jambo ambalo wengi wanaohamisha kanda hawalifanyi, na ndilo lenye faida kuliko kununua vifaa vya bei: pembe ya kichwa. Pembeni mwa kichwa cha kusomea kuna skrubu ndogo. Ikigeuzwa kidogo sana, kichwa kinainama, na kama mwinamo wake haulingani na wa mashine iliyorekodi ile kanda, matoazi na herufi za "s" hupotea. Kanda zetu hazikutoka mashine moja. Nyingine zilinakiliwa Jinja, nyingine Kampala, nyingine kambini kwa redio kaseti mbili zilizounganishwa kwa waya. Kwa hiyo kila kanda nairekebishia pembe yake. Mbinu ni kuunganisha njia mbili za kushoto na kulia ziwe moja, kisha kugeuza skrubu hadi sauti za juu zifunguke. Zikiwa mbili tofauti, sikio hudanganyika. Zikiwa moja, kosa dogo tu la pembe huzima sauti za juu, na mahali pa kusimama panajulikana.

Kitufe cha Dolby, cha kupunguza mvumo wa utepe, nimekiacha kimezimwa. Kanda hizi hazikurekodiwa nayo, na kikiwashwa zinakuwa kama zinaimbiwa ndani ya blanketi.

Hakuna njia ya mkato: kanda ya dakika 90 inachukua dakika 90. Inacheza, programu ya Audacity kwenye kompyuta inarekodi, mimi nalehemu au nasahihisha madaftari ya wanafunzi.

Februari, kuhusu namba

Mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha tano na anasoma kila kitu, anataka nirekodi kwa biti 24 na kilohezi 96 kwa sababu ameona hivyo ndivyo wakubwa wanavyofanya. Nimekataa. Biti 16 zina nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Utepe wa kaseti, pamoja na mvumo wake, hauijazi hata kwa mbali. Biti zote zilizobaki zingekuwa zinanakili mvumo kwa uaminifu mkubwa.

Basi: kilohezi 44.1, biti 16, sawa na CD. Kanda ya dakika 90 inatoa kama megabaiti 950, nazigandamiza kwa FLAC zinashuka takriban nusu bila kupoteza kitu. Hiyo ndiyo nakala kuu, inakaa kwenye diski. Kutoka kwenye hiyo natoa faili ndogo za mfumo wa Opus, kilobiti 96, kwa ajili ya iPod, kanda nzima megabaiti 65, na MP3 kwa ajili ya sabufa, kwa sababu sabufa haijui kingine. Watu huidharau MP3 siku hizi. Mimi siidharau. Ni kazi ya Wajerumani wa Fraunhofer, leseni zake zilifungwa Aprili 2017 hataza zilipokwisha muda, na ni vigumu kupata kifaa hapa mjini, kuanzia redio ya teksi hadi simu ya tochi, kisichoicheza. Mfumo unaochezwa kila mahali ni bora kuliko mfumo mzuri unaochezwa kwa mwenyewe peke yake.

Februari, kadi feki

Kadi ya memori ya gigabaiti 256 kutoka duka moja la Kampala, ya kuweka ndani ya iPod. Bei ilinifurahisha, kwa hiyo kabla ya kuiamini nimeipitisha kwenye F3, programu inayoijaza kadi data na kuisoma tena. Ukweli wake ni gigabaiti 32. Fundi wa Sofia alipoiona akacheka: "Mwalimu, hii imeandikwa namba tu."

Inavyofanya kazi: chipu ndani ya kadi imefundishwa kuiambia kompyuta ukubwa wa uongo. Unanakili nyimbo, majina yote yanaonekana, unafurahi. Zile za mwanzo zinacheza. Za baadaye ni majina matupu, au zimeandikwa juu ya nyingine. Ndiyo sababu mtu hujua amedanganywa mwezi wa tatu, wakati duka halimkumbuki. Imerudishwa, nyingine imekuja, nayo imejazwa yote na kusomwa yote kabla ya kupata kazi.

Februari, kufungua iPod

Uso wa mbele umeshikwa kwa vibanio vya ubavuni. Nimetumia kipande cha kadi ya simu ya zamani, taratibu, upande mmoja halafu wa pili. Ndani kuna nyaya bapa mbili za kuogopwa, ya betri na ya tundu la hedifoni, zote fupi. Diski ya zamani, ile inayozunguka, imetoka. Mahali pake nimeweka kiunganishi chenye kadi ya SD, na kwa kuwa kadi ni nyembamba kuliko diski, betri kubwa zaidi ya ile ya kwanza imeenea bila kusukumwa. Imewaka.

Programu ya Apple nimeiacha na kuweka Rockbox. Hiyo ilianzishwa mwaka 2001 na Waswidi wachache waliochoshwa na programu ya kifaa chao cha Archos. Mmoja wao ndiye pia aliyeandika curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni inayotumika ndani ya vifaa vingi kuliko watu wanavyodhani. Kwa Rockbox, iPod inakuwa kama flashi: unanakili mafolda, unachomoa, unasikiliza. Hakuna iTunes, hakuna akaunti. Inacheza FLAC na Opus, ambavyo iPod hii haikuwahi kuvijua ilipokuwa dukani.

Sura yake, lazima nikiri, ni mbaya. Menyu zinaonekana kama mashine ya benki ya zamani. Lakini nimeiacha ikicheza tangu asubuhi hadi usiku na haijaniuliza kitu.

Machi, mvua zimeanza

Kazi ya Pi. Tundu la hedifoni la Pi 4 halina chipu halisi ya kugeuza namba kuwa sauti. Linaigiza sauti kwa mapigo ya haraka ya umeme, na penye utulivu unasikia mchakacho. Nimelehemu ubao mdogo wenye chipu ya PCM5102 kwenye pini zake, na mchakacho umekwisha. Kwa muziki natumia MPD, programu ya kucheza nyimbo isiyo na skrini yake. Inakaa kimya ndani ya Pi, na simu yoyote ndani ya nyumba inaweza kuiagiza.

Hapa kuna jambo linalonishangaza kila ninapolieleza. Rauta isiyo na bando bado ni rauta. Vifaa vya ndani vinaonana, vinaongea, vinatumiana muziki na filamu, na hakuna megabaiti hata moja inayokatwa, kwa sababu hakuna kinachotoka nje ya ukuta. Jirani alikuja akaona simu yangu inabadilisha wimbo kwenye sabufa, akauliza natumia bando gani. Nikachomoa kadi ya laini kwenye rauta nikampa mkononi. Wimbo uliendelea. Hakuniamini mpaka alipoijaribu kwa simu yake.

Umeme. Hapa ndipo mradi ulipokuwa ufe. Pi ikizimwa ghafla mara kwa mara, kadi yake huharibika, kwa sababu kuna wakati wote kitu kinachoandikwa. Nimefanya mawili. Kwanza, mfumo wa Pi sasa ni wa kusomwa tu: kuna chaguo la hilo kwenye raspi-config, menyu ya mipangilio ya Pi, na kila kinachoandikwa kinaishi kwenye RAM na kufutika ikizimwa. Orodha ya nyimbo ya MPD nimeihamishia kwenye diski ya nje, la sivyo ingesahau kila kitu kila asubuhi. Pili, betri ya volti 12, amp-saa 18, na kishusha volti cha kuleta volti 5. Pi na diski kwa pamoja hutumia kama wati 6. Betri ya namna hii haipendi kunyonywa zaidi ya nusu, basi hesabu inatoa saa 15 au zaidi kidogo baada ya kupotea njiani. Sola inaichaji mchana. Sabufa ndiyo mlafi, kwa hiyo umeme ukikatika, au Yaka, umeme wa kulipia kabla, ikiisha usiku, tunahamia spika ndogo na Mzee hunung'unika besi imekwenda wapi. Lakini wimbo haukatiki.

Machi, TV na ma-VJ

Kwa filamu nimeweka Kodi, programu ya kuonyesha video kwenye TV, kwenye Pi hiyohiyo. Rimoti ya TV inaiongoza kupitia waya wa HDMI, hakuna rimoti ya ziada ya kupotea kwenye makochi. Mama alijifunza kabla sijamaliza kueleza.

Kodi inapenda kutafuta picha na maelezo ya kila filamu kwa kusoma jina la faili. Tatizo: filamu za nyumba hii ni za ma-VJ, zilizotafsiriwa kwa Kiluganda na mtu anayeongea juu ya waigizaji wote, akiongeza vichekesho vyake na majina ya mitaa ya Kampala. Jina la faili linaanza na jina la VJ, linafuata namba ya simu ya kibanda, halafu labda jina la filamu, limekosewa. Kodi ikaleta picha za filamu za Kihindi kwa sinema za vita. Mpwa amekaa akaandika faili dogo la maelezo kwa kila moja, na amepanga kwa VJ badala ya kwa mwaka au mwigizaji. Yuko sahihi. Hapa Uganda mtu haulizi nani ameigiza, anauliza nani ametafsiri.

Vijisanduku vya Android visivyo na jina, vile vinavyouzwa vikiahidi chaneli zote za dunia: wageni wawili wamenishauri hivyo badala ya Pi. Juni 2025 FBI ya Marekani ilionya kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa kihalifu unaoviteka vifaa vya namna hiyo, vingine vikiwa vimeambukizwa kabla ya mtu kuvinunua. Asanteni, hapana.

Na hata jina kubwa si kinga. Spotify waliuza Car Thing, kifaa kizuri cha kwenye dashibodi chenye kitufe kikubwa cha kuzungusha. Tarehe 9 Desemba 2024 wakavizima vyote kutoka mbali. Kifaa kizima, skrini nzima, kimekufa. Kwa kipimo changu, huko ndiko kukatizwa kwa mwisho.

Aprili, sabufa

Fupi, ila itawasaidia wengi. Sabufa na redio nyingi za gari hazipangi nyimbo kwa jina. Zinacheza kwa mpangilio ambao faili ziliandikwa kwenye flashi. Ndiyo maana upande B unaanza kabla ya A hata kama umeweka namba vizuri. Dawa: nakili faili kwa zamu, au tumia programu ya fatsort, inayopanga upya, baada ya kunakili. Flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32.

Aprili, iPod inaongea

Mzee ana mtoto wa jicho, herufi za skrini haoni. Rockbox ina menyu za sauti, zilizowekwa kwa ajili ya wasioona: unapogusa folda, inalitaja. Mara ya kwanza nilitumia eSpeak, programu ya kusoma maandishi kwa sauti, ambayo inajua Kiswahili. Inakijua, ila inakisema kama karani mwenye hasira. Mzee aliisikiliza, akasema: "Kijana, huyu mtu anamgombeza nani?"

Basi tumerekodi wenyewe. Kila folda inaweza kubeba faili lake dogo la sauti, nalo linatengenezwa kutoka rekodi ya kawaida ya WAV. Dada yangu mdogo amekaa na kipaza sauti cha hedifoni akisoma majina: "Rumba, kanda ya kwanza." "Kadongo kamu." "Taarabu." Kwa kanda zisizo na maandishi tulimchezea Mzee mwanzo wa kila moja, naye akatoa majina ambayo hakuna duka lingeyajua: "Ile ya Mbarara." "Ya harusi ya koplo." "Weka hiyo, Ya Kelele." Ndivyo zilivyoandikwa, ndivyo zinavyotamkwa.

Sasa anazungusha gurudumu, inataja, anabonyeza katikati. Gurudumu lilelile nililolisifu Januari limekuwa na kazi ambayo skrini ya kugusa isingeiweza, kwani kioo laini hakimwambii kidole kiko wapi.

Aprili, mwisho wa mwezi

Zimebaki kanda za C120, yaani za dakika 120. Utepe wake ni mwembamba, kama mikroni 9, karibu nusu ya ule wa C60, na deki yangu huvuta kwa nguvu inaposimama mwishoni. Sitaziweka humo. Fundi wa Sofia anasema ana deki ya zamani yenye breki laini, ya kuazima, ila ataileta akishapata mpira wake. Betri ya iPod inadumu vizuri. Diski imefika robo. Mpwa anaomba nafasi ya filamu zaidi, nimempa gigabaiti 200 na si zaidi mpaka kanda zote ziwe ndani.